Naambiwa nawafurahisha wazungu, na mimi namtetea wifi yangu

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimezaliwa na kukulia Ujiji. Nimeolewa na nina watoto watatu. Ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanga, na kwa miaka kadhaa sasa najitolea pia kama msaidizi wa kisheria katika kata yetu. Mafunzo niliyapata kupitia shirika moja la hapa mjini ambalo fedha zake zinatoka Ulaya, kama yalivyo mengi. Mshahara sina. Siku za semina napewa nauli na posho, basi.

Watu wanadhani semina ndiyo iliyonifundisha kusema. Mama, fundi wa nguo za kike anaona mengi. Mteja akiinua mikono apimwe kifua, unaona mbavu, unaona mikono. Kuna dada niliyesoma naye madrasa alikuja akaniomba nimshonee gauni la mikono mirefu na shingo ya kufunga, wakati wa joto la Oktoba. Sikumuuliza kitu. Baadaye akarudi na kitambaa kingine, mshono uleule. Ndipo nilipoanza kuulizia mwanamke kama yule aende wapi, na balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyenieleza habari za Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Shirika nililijua baadaye.

Na mwaka 2019, teleza walipotuhangaisha hapa Kigoma Ujiji, wale wanaume waliokuwa wakijipaka mafuta ili wasishikike na kuwaingilia usiku wanawake wanaolala bila mwanamume ndani, nilikuwa miongoni mwa waliosimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema. Hakuna aliyenitukana. Baba mdogo mwenyewe alinipongeza mbele za watu, na vijana wa mtaa wetu wakakesha nje.

Sasa shida yangu. Kaka yangu mkubwa alifariki mapema mwaka huu. Ameacha mjane na watoto wanne, wawili wa kiume, na wa kwanza yuko kidato cha pili. Ameacha pia shamba la michikichi upande wa Simbo. Michikichi michache ya zamani ilipandwa na marehemu babu. Iliyobaki, ambayo ndiyo mingi, aliipanda kaka na wifi. Wifi ndiye aliyekuwa akisimamia kazi ya mafuta. Anawasha moto alfajiri, anachemsha chikichi kwenye pipa, zinatwangwa, anaengua mawese yanapopanda juu ya maji, kisha anaanika mise, zile kokwa za ndani ya chikichi, na kuziuza kando. Vidole vyake vina rangi ya mawese mpaka kwenye kucha, sabuni haiitoi. Baba mdogo anasema shamba ni la ukoo. Wifi atakula humo maadamu ametulia, lakini akiolewa au akirudi kwao Kasulu ataondoka na nguo zake. Ameshapeleka vibarua kuvuna.

Baada ya arobaini palifanyika kikao cha ukoo. Nilisimama nikasema wifi ana haki yake na watoto wana haki yao. Baba mdogo hakujibu nilichosema. Aliniangalia akasema, “Maneno hayo umeyatoa semina. Wazungu wakikuona unawavua nguo wazee wako wanakupigia makofi na posho wanaongeza.” Watu wakacheka. Shangazi zangu nao wakacheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku ile binamu yangu mmoja ananiita Mama Beijing.

Likaja na la picha. Mwaka jana tulipigwa picha kwenye semina, nimesimama na bango katikati ya wageni wawili kutoka Ulaya. Imetokea kwenye kalenda ya shirika ya mwaka huu, na sasa inazungushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mama yangu anaulizwa na wenzake wa msikitini kama bado naswali. Marehemu baba angekuwepo labda angemnyamazisha mdogo wake. Mama haniambii niache, anasema tu, “Mwanangu, watakuchukia.” Mume wangu anafanya kazi kwenye boti za mizigo pale Kibirizi. Hajanikataza, lakini wenzake wanamtania kama siku hizi ni yeye anayepika, na naona anachelewa kurudi.

Shirika limeniomba nisimame jukwaani Novemba, kwenye siku 16 za kupinga ukatili, mbele ya wafadhili, nisimulie habari ya wifi kwa sababu “inagusa”. Kamera zitakuwepo, na wifi naye anakaribishwa. Nikikataa, naogopa wataghairi yule wakili waliyetuahidi. Nikikubali, baba mdogo atakuwa amepata ushahidi wake.

Na kuna jambo linanikosesha usingizi. Mama, labda anasema kweli. Nilipopigiwa makofi kule semina nilifurahi. Mgeni mmoja aliponishika mkono akasema mimi ni mwanamke jasiri, nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia kwa muda mrefu. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniambia neno kama lile. Je, ninasema kwa ajili ya wifi, au kwa ajili ya yale makofi? Na nikinyamaza, itakuwa busara au woga?

Naomba usilitaje jina langu.

Fundi, Ujiji

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole kwa msiba wa kaka yako. Barua yako imezungumzia shamba lake, mjane wake, kikao chake, lakini yeye mwenyewe hukupata nafasi ya kumlilia. Umetoka makaburini ukaingia kwenye ugomvi. Sehemu ya uchungu unaouona kuwa ni wa maneno ya baba mdogo huenda ni uchungu wa kaka, na yeye pia, mzee yule, amezika mtoto wa nduguye. Naanzia hapo kwa sababu watu waliofiwa huambiana maneno makali kuliko waliyokusudia.

Nilivyokuelewa, una mambo matatu. Lipo la shamba na haki ya wifi. Lipo la jukwaa la Novemba. Na lipo la moyo wako na yale makofi. Baba mdogo aliyafunga yote katika kitita kimoja kwa sentensi moja, na wewe umekipokea kikiwa kimefungwa hivyohivyo, unakibeba usiku kucha. Naomba tukifungue.

Tuanze na shamba. Jiulize, katika ulichokisema kikaoni, kipi hasa kimetoka Ulaya? Ninyi ni Waislamu wa Ujiji. Aya ya 12 ya Surat An-Nisaa inampa mjane ambaye mumewe ameacha watoto thumuni, sehemu moja ya nane, baada ya wasia na madeni. Aya ya 11 inampa mama wa marehemu sudusi, sehemu moja ya sita, na kama wewe na kaka yako ni mama mmoja, basi mama yako anayekuambia watakuchukia naye ni mrithi katika mali hiyo. Inayobaki ni ya watoto, wa kiume na wa kike. Marehemu akiacha watoto wa kiume, baba yake mdogo hana fungu la urithi. Na aya ya 19 ya sura hiyohiyo inawakataza waumini kuwarithi wanawake kwa nguvu. Haya wanafundishwa watoto wa madrasa hapo mtaani kwako. Kwa hiyo mtu akikuuliza umeyatoa wapi, unalo jibu ambalo halihitaji semina.

Akisema ukoo hauendi kwa mirathi ya Kiislamu bali kwa mila, hapo pana mazungumzo mengine. Kwa mila nyingi za ukoo wa baba, zikiwemo za Waha, mjane hakurithi ardhi, na hilo si uzushi wa baba mdogo. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika hivyo kwa makabila mengi ya Tanganyika. Ila fahamu kwamba kazi ya kuzikusanya na kuziandika mila hizo ilitegemea sana jitihada za Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtafiti wa serikali ya kikoloni. Sikuambii ukamrushie baba mdogo hilo usoni. Nakuambia ili ujue kwamba mkono wa mzungu umepita pande zote mbili za ugomvi huu, na hoja ya nani kaguswa na mzungu haiwezi kuumaliza. Isitoshe, katika mila mjane alikuwa na watu wenye wajibu wa kumlisha, kumjengea na kumsomeshea watoto. Anayeishika mila kwenye ardhi aulizwe kwa adabu ameishikaje kwenye ada ya shule.

Sheria ya nchi nayo imesema. Shamba likiwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Kwa yule dada wa gauni la mikono mirefu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, ilishasema kwamba hakuna mila inayompa mtu haki ya kumpiga mwenzi wake. Bunge lililoipitisha lilikuwa la Mwalimu. Na ni Mwalimu huyohuyo ambaye chama chake, katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, kilitamka kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, huku wanaume wa vijijini wakiwa likizoni nusu ya maisha yao. Hayo yalikuwa maneno mazito kwa wanaume wa nchi hii kuliko yote uliyosema wewe kikaoni, na yalitoka katika azimio lililotaka nchi ijitegemee.

Na hilo jina la Mama Beijing lisikuchome. Aliyekuwa Katibu Mkuu wa ule mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 ni Gertrude Mongella, binti wa Ukerewe, wa Ziwa Viktoria hapo juu yetu.

Sasa, kuna kitu umekiandika mwenyewe ukakipita haraka. Mwaka 2019 ulisimama mkutanoni kusema habari za teleza, na baba mdogo akakupongeza. Mwanamke ni yuleyule, na jambo ni lilelile la wanawake kuumizwa. Mbona siku ile hukuwa wa wazungu? Teleza alikuwa mtu wa nje, hana sura, na kila mwanamume aliweza kumchukia bila kupoteza kitu. Safari hii pana mali. Tangu Serikali ilipoanza kuhimiza michikichi mkoani kwenu mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikawa kinazalisha mbegu bora, kila mwenye shamba upande huo anajua lina thamani gani. Simjui baba yako mdogo na simhukumu. Lakini mtu akibadilisha jina lako siku ile ulipogusa shamba, una haki ya kutazama shamba kabla ya kujitazama wewe.

Hata hivyo, nisingependa uondoke hapa ukiamini kwamba shutuma hii ni ya kijinga. Ina mizizi. Lord Cromer, aliyeitawala Misri kwa niaba ya Waingereza mpaka mwaka 1907, alikuwa akisema Uislamu unawadhalilisha wanawake, na akalifanya hilo kuwa sababu ya kuwaona Wamisri hawawezi kujitawala. Aliporudi kwao akaongoza jumuiya ya wanaume waliopinga wanawake wa Kiingereza kupiga kura. Wakubwa wa aina hiyo walitumia machozi ya wanawake wetu kama fimbo ya kutupigia sisi sote, wanawake wenyewe wakiwemo. Na Kigoma mna historia yenu ya karibu. Tangu wakimbizi wa Burundi na Kongo walipofurika miaka ya 1990, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996, mji wenu umezoea magari meupe yenye antena ndefu na wageni wanaopiga picha ya mtu akiwa katika siku yake mbaya kuliko zote. Mzee aliyezeeka akiyaona hayo, akimwona bintiye kwenye kalenda katikati ya wageni wawili, anaona nini? Huenda anaona ukoo wake umeanikwa.

Ndiyo maana ningekuuliza, anachokikataa baba mdogo ni haki ya wifi, au ni aibu ya kuanikwa? Pengine ni vyote viwili, na ukivitenganisha utajua kipi kinazungumzika. La picha liko mikononi mwako kwa sehemu. Je, uliombwa ruhusa ya kuiweka kwenye kalenda? Kama hukuombwa, unaweza kuliambia shirika lisiitumie tena, na ukamwambia baba mdogo umefanya hivyo. Halitamaliza ugomvi. Litamwondolea silaha moja, na litawakumbusha watu wa shirika kwamba una ukoo.

Nije kwenye makofi. Mwanangu, uliambiwa neno zuri ukafurahi. Unajitolea bila mshahara, unasikiliza siri za watu huku mguu uko kwenye cherehani, unarudi nyumbani kupika, na mtu wa kwanza kukuambia umefanya jambo la maana alikuwa mgeni. Kufurahi pale hakukufanyi msaliti. Kunaonyesha ulikuwa na njaa, na njaa hiyo ilikuwepo nyumbani kabla mgeni hajapanda ndege. Jiulize tu, shirika likifunga ofisi kesho, kipi utaendelea kukifanya na kipi utakiacha? Nina mawazo yangu kuhusu jibu, kwa jinsi ulivyoniandikia habari za yule dada wa madrasa, lakini jibu lako lina uzito kuliko langu.

Pamoja na hayo, makofi yana hatari yake. Jukwaa la namna ile linataka kisa chenye mbaya mmoja na mwema mmoja. Ukimsimulia baba mdogo mbele ya wafadhili, utasema pia nani alisimama mazikoni, nani aliyekuwa akija kumtazama kaka hospitali, nani aliyekupongeza mwaka 2019? Au utaona hayo yanapunguza utamu wa kisa? Siku utakapojikuta unayaacha mambo ya kweli kwa sababu hayapigiwi makofi, hapo maneno ya baba mdogo yatakuwa yameanza kukufaa. Kwa barua hii hujafika huko, maana hata mimi umeniambia kwamba alikupongeza.

Sasa hilo jukwaa lenyewe. Nimeisoma barua yako yote nikimtafuta mtu mmoja, na simsikii. Wifi. Nimeziona kucha zake, nimeona moto wake wa alfajiri, sauti yake sijaisikia. Kikao kilifanyika baada ya arobaini, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo nadhani siku ile alikuwa ndani, na wengine wote mkamsemea, wewe na baba mdogo pia. Je, umewahi kukaa naye peke yenu, ukamuuliza anataka nini? Huenda anataka shamba lote analostahili hata kama ni kwa mahakama. Huenda anataka aachiwe avune mpaka mtoto wa kwanza amalize kidato cha nne, mengine baadaye. Huenda anaogopa kwamba kesi ikianza, watoto watachukuliwa na ukoo. Kamera zikishaondoka yeye ndiye atakayebaki anachota maji kisima kimoja na wake za watu waliosemwa. Kisa ni chake. Kumkaribisha jukwaani si sawa na kumuuliza.

Akikataa, una njia. Unaweza kusimama ukazungumzia sheria ya ardhi na mirathi bila habari za mtu yeyote wa kwenu, ukasema kwa Kiswahili, ukiwaelekea watu wa Kigoma waliokaa nyuma na si meza ya mbele. Hatari yake ni kwamba shirika litaona umewapa kitu kikavu, na picha utapigwa tu, na kundi la ukoo litaizungusha. Unaweza pia kuomba safari hii asimame mwingine. Hapo hatari ni baba mdogo kuamini amekushinda, na wewe kukaa na kinyongo ambacho siku moja kitatoka vibaya mbele ya mama yako.

Akikubali kwa moyo wake, bado muwekeane masharti na shirika kwa maandishi: majina yafichwe, sura isionyeshwe, video isipelekwe mitandaoni. Mengine hamtayaweza kuyadhibiti. Kigoma ni mji ambao mtu akisema “mjane mmoja wa Simbo”, jioni Ujiji nzima imeshamjua.

La wakili, naomba tulipime tena. Umeambiwa kwamba ukikataa jukwaa watamwondoa, au ni hofu yako? Uliza waziwazi. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wewe ni msaidizi wa kisheria, unajua kuliko mimi kwamba msaada kwa asiye na uwezo hauuzwi kwa ushuhuda wa jukwaani. Wakijibu kwamba lazima, utakuwa umejifunza jambo kubwa juu yao, na itakubidi upime kama bado unawahitaji. Mashauri mengi ya mirathi kama haya huanzia Mahakama ya Mwanzo, na watu wengi husimama pale wenyewe bila wakili.

Ipo pia njia ya wazee. Sheikh anayeheshimiwa na baba mdogo, au mmoja wa shangazi waliocheka. Nakuona umewaandika kwa uchungu, lakini mwanamke hucheka kikaoni kwa sababu nyingi, nyingine ni woga. Shangazi naye ni binti wa ukoo huohuo. Pengine naye ana mchikichi wa babake ambao hakuupata. Mtembelee siku ya kawaida, bila ajenda ya semina. Hatari ya njia hii ni kwamba wazee hupenda amani kuliko hesabu, wanaweza kumwambia wifi apokee madumu machache ya mafuta kila msimu na ashukuru. Na inachukua muda, huku vibarua wanavuna. Ile michikichi ya babu, kwa maoni yangu, ndiyo mahali pa kuanzia mazungumzo, kwa sababu hapo baba mdogo anaweza kuwa na hoja kama haikugawanywa babu alipofariki. Ukimkubalia lenye hoja, atapata shida zaidi kukataa lile lisilo na hoja.

Usiogope sana neno “wageni”. Mwaka 1989 Wangari Maathai wa Kenya alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi, Rais Moi alisema anapaswa kuwa mwanamke wa Kiafrika anayewaheshimu wanaume na kunyamaza. Na ni kweli aliandika barua ughaibuni, makusudi, na wafadhili wa jengo wakajitoa. Alitumia mlango wa nje kwa sababu wa ndani ulikuwa umefungwa. Bustani ipo mpaka leo. Ila yeye alikuwa anashindana na Serikali, na wewe Idi utakaa mkeka mmoja na unaoshindana nao. Hilo linabadilisha gharama, na gharama hiyo utailipa wewe, mimi sitakuwepo.

Mumeo usimwache akasikia habari zako Kibirizi. Mwambie la Novemba kabla hujawajibu shirika, na mwambie pia lile la mgeni na mkono wako, jinsi lilivyokugusa. Huenda hajui kwamba hujawahi kusikia neno kama lile nyumbani.

Kabla ya yote hayo, kuna jambo hukuniandikia: ni nani anaomba kuwa msimamizi wa mirathi? Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida huomba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kinachompendekeza msimamizi, kisha tangazo hubandikwa, na mwenye pingamizi huliweka. Kikao chenu kimeshafanyika. Kama kiliandikwa muhtasari, itafute nakala yake wiki hii, usome limependekezwa jina la nani, na uangalie kama wifi aliwekewa mahali pa kutia saini akiwa ndani ya eda, na kama alisomewa kilichoandikwa.